Kazi Bila Cheo

Mwanafunzi wa menejimenti katika chuo chochote cha Tanzania hukutana na majina yaleyale muhula wa kwanza: Frederick Taylor na saa yake ya kupimia kazi, Henri Fayol na kanuni zake 14, Max Weber na ofisi zake za mafaili, Elton Mayo na wafanyakazi wa kiwanda cha Hawthorne. Mitihani ikiisha, kama kwao ni Namasakata, wilayani Tunduru, anapanda basi la kusini na daftari lililojaa wanaume hao wanne. Anashuka katika mkoa wa Ruvuma, ambako wanawake wenyeji, na wengine waliokimbilia huko, wamehangaika kwa vizazi kadhaa na swali ambalo Taylor hakulazimika kulijibu. Taylor alikuwa na mshahara mkononi: fanya hivi, upate hiki. Mjerumani aliyetawala Songea alikuwa na kiboko. Ukiviondoa vyote viwili, watu mia wataifanyaje kazi moja kwa mpangilio, leo, kesho na mwezi ujao, bila kutawanyika?

Swali hilo limejibiwa Ruvuma zaidi ya mara moja, na katika majibu hayo wanawake walikuwa katikati. Historia ikawaandika kwingine: huyu mwasi, yule mke wa mkubwa, hawa akina mama waliobeba mizigo na kulea watoto. Nadhani sababu ni hiyohiyo ya kukosekana mshahara na kiboko. Tumezoea kuitambua menejimenti kwa meza, cheo, mhuri na orodha ya malipo. Pasipo na vitu hivyo tunaona ukoo, ngoma, vita au huruma, na tunapita.

Upofu huu si wa Afrika peke yake. Mwaka 1914 Marekani ilichapishwa kitabu juu ya saikolojia ya menejimenti, mojawapo ya vya kwanza kusema kwamba mfanyakazi ana akili na hisia, si misuli tu. Jalada lilimtaja mwandishi kwa herufi za mwanzo, L. M. Gilbreth, ili msomaji asijue kwamba ni Lillian, mwanamke. Mwaka uliofuata alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Brown, huku akilea familia ambayo ilifikia watoto 12. Mumewe Frank, mshirika wake wa kazi, alipofariki mwaka 1924, baadhi ya viwanda vilivyokuwa wateja wao viliacha kumpa mikataba. Wenye viwanda hawakuona namna mhandisi wa kazi angevaa gauni. Akahamia jikoni, mahali ambapo hakuna mwanamume aliyemzuia kuingia, akapima hatua za mpishi kama alivyozoea kupima za fundi matofali.

Mwenzake Mary Parker Follett aliyazamia mambo zaidi, na ndiye ningetaka yule mwanafunzi wa Namasakata ampate mapema. Alizaliwa mwaka 1868 Quincy, Massachusetts. Kabla ya kuandika neno lolote juu ya biashara, alifanya kazi miaka mingi katika vitongoji vya Boston, hasa Roxbury, akishawishi majengo ya shule yafunguliwe jioni yawe mahali pa vijana na wazazi kukutana, kujifunza na kujadili mambo yao. Hakuwa na mamlaka ya kumwamuru yeyote. Humo ndimo alimojifunza kwamba nguvu ziko za namna mbili: ile ya kumkalia mtu juu, na ile inayozaliwa watu wanapokaa pamoja. Vitabu vyake vya mwaka 1918 na 1924 vilimfanya aalikwe na wafanyabiashara wa New York, na mwanzoni mwa 1933 na wanachuo wa London.

Mfano wake mmoja una watu wawili tu katika chumba kidogo cha maktaba ya Harvard. Mmoja anataka dirisha lifunguliwe, mwenzake, ambaye ni Follett mwenyewe, analitaka lifungwe. Wakafungua dirisha la chumba cha pili. Mmoja alitaka hewa, mwingine hakutaka upepo wa moja kwa moja, na hakuna aliyelazimika kukubali nusu ya alichotaka. Mtu aliyewahi kukaa kwenye kikao cha ukoo kilichoendeshwa vizuri anaujua mwendo huo: wazee hawaulizi nani ana haki, wanauliza kila mmoja anahitaji nini hasa. Follett alifariki Desemba 1933. Hotuba zake zilikusanywa kuwa kitabu miaka ya 1940, kisha kwa muda mrefu shule za biashara zikamweka kando, hadi mwaka 1995 Harvard walipomchapisha upya na Peter Drucker akamwita nabii wa menejimenti. Nabii huyo alingoja miaka 62 kaburini.

Turudi kusini.

Taylor alitoa kitabu chake maarufu mwaka 1911. Miaka mitano kabla, mjini Songea, Wajerumani walikuwa wamenyonga makumi ya viongozi wa Vita vya Majimaji. Kila tarehe 27 Februari watu hukusanyika mtaa wa Mahenge, mjini humo, penye makumbusho na kaburi la pamoja, kuwakumbuka walionyongwa mwaka 1906. Miongoni mwao alikuwemo mwanamke mmoja, Mkomanile, ambaye wengine huandika Nkomanile. Alikuwa jumbe wa Kitanda, sehemu ambayo leo iko Namtumbo. Mjumbe wa maji ya dawa yaliyoaminiwa kukinga risasi, Omari Kinjala, alipofika pande hizo mwaka 1905, Mkomanile ndiye aliyempokea, na kwa njia yake dawa ikamfikia Chabruma, nkosi, yaani mfalme, wa Wangoni wa Mshope.

Simulizi za mashujaa humtaja kwa sentensi moja: mwanamke pekee aliyenyongwa. Ni heshima, lakini ni heshima ya idadi. Uamuzi wake hautazamwi. Mgeni amekuja na ujumbe wa hatari, anadai kwamba watu waliokuwa wakipigana na kutekana jana wasimame pamoja leo. Jumbe akimfukuza, jambo linaishia mlangoni kwake. Akimpokea, anamdhamini kwa jina lake mbele ya nkosi ambaye hakuwa mtu wa kuchezewa. Ungoni ulikuwa na ngazi zake, nkosi, manduna na majumbe, na kila ngazi ilikuwa na uwezo wa kuliua neno kabla halijapanda. Mkomanile aliliacha lipande.

Majimaji hayakuwa na makao makuu wala kamanda mmoja. Yalisafiri kwa watu wa namna yake, ambao walimpima mgeni, wakampitisha, wakamtafutia njia kwenda kwa mkubwa wa mbele. Wajerumani walijua kazi hiyo ina uzito gani, ndiyo maana hawakumwachia. Pamoja na kunyonga walichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi zilivyoua.

Kwa Wayao, walio wengi upande wa mashariki wa Ruvuma, mwanamke na mamlaka vilikaa kwa namna nyingine. Ukoo hufuata upande wa mama. Dada na watoto wao hufanya mbumba, na kaka mkubwa ndiye mlinzi wake. Mwanamume akioa, kwa desturi ya zamani, alihamia kwa wakwe. Msomi wa haraka akiona kaka anasema barazani huandika kwamba kaka ndiye mtawala. Lakini kaka asiye na dada wanaomkubali hana kijiji. Mbumba ikimchoka, inahama, naye anabaki na cheo na vibanda vitupu. Nafikiri Follett angefurahi kukaa kwenye baraza la namna hiyo, maana humo anayeongoza huishi kwa ridhaa ya wanaoongozwa, na ridhaa hiyo ina miguu. Ng'ambo ya mto Ruvuma, nchini Msumbiji, huko Majune mkoani Niassa, Wayao wana pia cheo cha Achivanjila, ambacho mwanamke humrithi mwanamke, tangu enzi za ukoo wa Mataka mpaka leo.

Nisipambe mno. Mfumo huohuo ulikuwa na watumwa, na misafara ya Wayao iliteremsha watu hadi pwani ya Kilwa. Kuujua utawala wa wanawake hakutulazimishi kuyasahau hayo.

Siasa za uhuru ziliwakuta wanawake wa Tanganyika wakiwa na vyama vyao tayari, ila havikuitwa vyama. Mwaka 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza aliitembelea TANU changa Dar es Salaam, akauliza wanawake wako wapi. Aliyetafutwa ni Bibi Titi Mohamed, mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bombakusema. Hakuanza kwa kuandika katiba wala kugawa fomu. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma vya mjini, ambavyo vilikuwa na wanachama, michango, nidhamu na namna ya kufikisha habari nyumba kwa nyumba kabla ya Magharibi. Katika miezi michache maelfu ya wanawake wakawa na kadi. Mwanahistoria Susan Geiger alilieleza hilo katika kitabu chake cha mwaka 1997: wanawake hao walileta ndani ya TANU chombo ambacho kilikuwa kikifanya kazi tayari. Vitabu vya shule vimehifadhi sauti ya Bibi Titi jukwaani. Akili ya kuona kwamba ngoma ni mtandao uliokwisha kutandazwa, hiyo hatuifundishi.

Na sasa Litowa, wilayani Songea. Mwaka 1960 vijana wa TANU Youth League walianzisha kijiji huko, wakashindwa kwa njaa, wakarudi tena. Kiongozi wao alikuwa Ntimbanjayo Millinga. Kutokana na Litowa kilizaliwa Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, ambacho mwishoni kilikuwa na vijiji 17 vilivyojitawala kwa mikutano ya wanakijiji wote, vikiwa na shule yao yenye mwendo wake na mashine yao ya kusaga. Mwingereza Ralph Ibbott aliishi nao kama mshauri, pamoja na mkewe Noreen na watoto wao. Wageni walioandika habari za Litowa huwataja Millinga na Ibbott, na ni haki yao. Lakini kijiji kisicho na mshahara hukaa au huvunjika kwa mambo madogo ya kila siku: nani anamlisha mtoto mama akiwa shambani, nani anapumzika, kazi ya nyumbani inahesabiwa au haihesabiwi. Mambo hayo hayakukaa kwenye mchoro wa mshauri yeyote. Yalikaa mkutanoni, ambako mwanamke alikuwa mwanachama kwa jina lake mwenyewe, si kivuli cha mumewe.

Msichana wa Kimarekani, Kate Wenner, aliyekaa kijijini katika miaka hiyo, alitoa kitabu mwaka 1970, Shamba Letu, ambacho kinamwonyesha msomaji maisha ya kijiji yakitazamwa kutoka karibu na jiko na shamba. Na Ibbott mwenyewe alipochapisha kumbukumbu zake mwaka 2014, utangulizi uliandikwa na Selma James, mwanamke aliyeanzisha mwaka 1972 kampeni ya kudai kazi za nyumbani zilipwe. Si bahati nasibu kwamba ni yeye aliyeona thamani ya Litowa. Kwa zaidi ya miaka 40 alikuwa akisema kwamba kazi isiyo na malipo ndiyo inayozibeba zenye malipo.

Mwalimu Nyerere alikuwa ameligusa jambo hilo. Azimio la Arusha la Februari 1967 linasema kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi saa 12 au 14 kwa siku, wakati mwingine hata Jumapili na sikukuu, na kwamba hakuna wanaofanya kazi kuwapita nchini. Katika Ujamaa Vijijini, Septemba mwaka huohuo, aliongeza kwamba jamii zetu za asili, pamoja na uzuri wake, zilimweka mwanamke chini. Hapa chama kinapima saa za kazi, kama Gilbreth na wenzake, lakini kinampima mkulima mwanamke. Lingekuwa jambo la kufurahisha kama mipango iliyofuata ingeanzia kwenye hesabu ile. Haikuanzia hapo. Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama cha Ruvuma na kuchukua mali zake, na ujamaa uliofuata ukaja kwa malori na amri. Vijiji vilivyojifunza kuamua vikaambiwa vitaamuliwa.

Karibu na Mwalimu, Ikulu, alikuwepo mwanamke mwingine ambaye wengi hawamjui: Joan Wicken, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1925, aliyehangaikia fedha za kuanzisha Chuo cha Kivukoni kilichofunguliwa 1961, kisha akawa msaidizi binafsi wa Nyerere kwa miongo mingi. Hotuba, barua na vitabu vingi vilipita mikononi mwake. Alijificha kwa hiari yake, na alijificha vizuri.

Mwaka chama cha Ruvuma kilipovunjwa, upande wa Tunduru kulikuwa na kituo kingine kilichoendeshwa bila mshahara, nacho hakikuwa cha Watanzania. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilianza tarehe 25 Septemba 1964. Watu wakavuka mto Ruvuma kwa maelfu. Wengine wakawekwa Muhukuru na Lundo, na FRELIMO, chama kilichoongoza vita hivyo, ikajenga Tunduru kituo cha elimu kwa watoto, wengi wao yatima wa vita. Kwa watu wa Namasakata na vijiji vya jirani hawa hawakuwa wageni kabisa: Wayao na Wamakua wako kingo zote mbili za mto, na mpaka uliochorwa na Wajerumani na Wareno haukuwahi kukata udugu.

Josina Abiathar Muthemba alizaliwa Agosti 1945, Vilanculos, mkoani Inhambane, mbali sana na Ruvuma. Mwaka 1964 alijaribu kutoroka na wenzake kujiunga na FRELIMO, akakamatwa Victoria Falls, akarudishwa na kufungwa. Akatoka, akajaribu tena, na mwaka 1965 akafika Dar es Salaam. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kumsaidia Janet Mondlane katika Taasisi ya Msumbiji.

Nisimame kidogo kwa Janet. Alizaliwa Illinois mwaka 1934, akaolewa na Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, na tangu 1963 aliiongoza Taasisi hiyo, shule ya wakimbizi ambayo baadaye ikawa pia njia ya kupitishia misaada ya elimu na afya. Fikiria ofisi yake. Wafadhili wa kwanza walikuwa Ford Foundation, kisha nchi za Skandinavia na makanisa. Kila mmoja na masharti yake, kila mmoja akiogopa fedha yake isionekane imenunua bunduki. Upande wa pili, wanafunzi waliotaka masomo Ulaya na chama kilichotaka waende vitani. Machi 1968 mgogoro huo ulilipuka na shule ikafungwa. Februari 1969 bomu la kifurushi likamuua mumewe. Aliendelea na kazi. Katika vitabu vingi yeye ni mjane wa Mondlane.

Josina alipata nafasi ya kwenda kusoma Uswisi, akaikataa. Kamati Kuu ya FRELIMO ilikuwa imeamua Oktoba 1966 kwamba wanawake nao wapate mafunzo ya kijeshi na kisiasa, na mwaka 1967 akawa miongoni mwa wasichana 25 waliopelekwa Nachingwea kwa miezi mitatu. Hao ndio waliokuwa kiini cha Kikosi cha Wanawake. Wanaume wengi walikuwa na mashaka. Wazazi walikuwa na mashaka zaidi: binti yao porini, na wanaume, na bunduki?

Ukisoma kazi ya kikosi hicho kwa macho ya menejimenti, unaona mambo matatu yaliyofungamana. Kwanza, mizigo. Silaha, dawa na nguo zilitoka Tanzania kwa miguu, zikavushwa mtoni, zikabebwa siku nyingi hadi ndani ya Niassa na Cabo Delgado, na wabebaji wengi walikuwa wanawake wa vijijini. Safari ya kurudi ilikuja na karanga, ufuta na korosho za kuuza upande huu. Msafara wa namna hiyo haulipwi na haulazimishwi. Anayelazimishwa hutupa mzigo kwenye kichaka cha kwanza. Pili, maneno. Mwanakijiji akiwaona askari huficha chakula na mabinti. Akimwona msichana mwenye bunduki, anayezungumza lugha yake na kumweleza sababu ya vita, anasikiliza, na vijana wa kiume wanaotazama wanaona haya kubaki nyumbani. Josina mwenyewe aliandika juu ya nguvu hiyo mwaka 1969. Tatu, watoto: yatima walihitaji kulishwa na kufundishwa, ama sivyo wabebaji na wapiganaji wasingekuwa na moyo wa kuondoka.

Alikuwa na miaka 22 alipohudhuria Mkutano Mkuu wa Pili wa FRELIMO mwaka 1968 kama mjumbe, akatetea wanawake washiriki kikamilifu katika ngazi zote. Mwaka uliofuata akapewa Idara ya Mambo ya Jamii, na kazi ya kituo cha Tunduru ikawa sehemu ya mzigo wake. Mei 1969 aliolewa na Samora Machel, kamanda wa jeshi la FRELIMO, na harusi ilifanyika hapohapo kituoni Tunduru. Mwishoni mwa mwaka alijifungua mtoto wa kiume, akaendelea kutembea ndani ya Msumbiji akikagua malezi ya watoto huku afya ikidhoofika. Alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971. Alikuwa na miaka 25.

Tarehe hiyo ndiyo Siku ya Mwanamke wa Msumbiji, na shule nyingi zina jina lake. Hajasahauliwa, basi? Amekumbukwa kama shujaa na kama mke. Kumbukumbu ya namna hii hukausha mtu. Mtu aliyeongoza idara akiwa na miaka 24, akiratibu vituo vya watoto vilivyotawanyika katika mikoa yenye vita, bila simu na kwa watu wasiolipwa, ana mambo ya kutufundisha kuhusu idara, si kuhusu ushujaa tu.

Ndani ya chama chenyewe palikuwa na mvutano ambao hausemwi sana. Kulikuwa na umoja wa wanawake, LIFEMO, na kulikuwa na Kikosi. Umoja ulitazama ustawi wa wanawake uhamishoni, Kikosi kilikuwa chini ya jeshi. Mwaka 1969 LIFEMO iliingizwa ndani ya Kikosi. Ilirahisisha amri. Pia iliwaondolea wanawake meza ambayo haikuwa ya makamanda. Labda ndiyo sababu jambo lilirudi tena miaka minne baadaye, na mahali liliporudia ni Tunduru. Machi 1973 ulifanyika huko mkutano wa kwanza wa wanawake wa Msumbiji. Samora aliufungua tarehe 4, kwa hotuba inayonukuliwa mpaka leo, kwamba ukombozi wa mwanamke ni sharti la mapinduzi yenyewe, si zawadi. Tarehe 16 Machi likatangazwa shirika la wanawake wa Msumbiji, OMM. Deolinda Guezimane akawa miongoni mwa viongozi wake wa mwanzo.

Ukitafuta habari za mkutano ule, utaipata hotuba ya Samora kwa urahisi, kwa lugha nyingi. Waliopanga nani alale wapi, wajumbe wavuke wapi wasikutane na doria za Wareno, watoto walelewe na nani siku zile: hao hawana kijitabu. Mwaka mmoja kabla, 1972, Tanzania ilikuwa imeanzisha Mzumbe, mkoani Morogoro, taasisi ya kufundisha uongozi wa maendeleo. Mkoa mmoja ulifundisha menejimenti kutoka kwenye vitabu vya nje, na mwingine ukaifanya. Sidhani kama kuna mtu aliyesafiri kutoka Morogoro kwenda Tunduru kuchukua madaftari.

Msumbiji ikawa huru tarehe 25 Juni 1975. Wanawake wa kituo cha Tunduru walirudi kwao. Katika baraza la kwanza la mawaziri mwanamke alikuwa mmoja, Graça Simbine, Waziri wa Elimu, ambaye alikuwa amefundisha katika shule ya FRELIMO ya Bagamoyo.

Swali la kuongoza bila mshahara bado linajibiwa. Siku hizi, katika vijiji vya Ruvuma, ukisikia watu wanaharakisha kuosha vyombo kwa sababu kikao kinaanza na anayechelewa analipa faini, yawezekana sana ni kikao cha VICOBA. Wanachama wengi ni wanawake. Wananunua hisa kila wiki, wanachangia mfuko wa jamii, wanakopeshana, na mwisho wa mwaka wanavunja boksi na kugawana. Sanduku ni la chuma, lina kufuli tatu. Mtunza sanduku hana ufunguo hata mmoja. Funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na halifunguliwi ila mbele ya wote. Benki hulipa fedha nyingi kwa mfumo unaofanana na huo.

Asili yake si benki. Mwaka 1991 huko Maradi, nchini Niger, shirika la CARE lilianza kufanya kazi na wanawake wa Kihausa waliokuwa na michezo yao ya kuchangishana fedha, kama upatu wetu. Moira Eknes, mwanamke wa Norwei, aliisaidia michezo ile iwe vikundi vya kuweka na kukopa. Njia hiyo ikaenea Afrika, ikafika Zanzibar na bara, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 jina la VICOBA likaanza kusikika. Kwa wanachama wasiojua kusoma, kuna utaratibu wa kuhesabu bila daftari: kabla ya kufunga sanduku, kiasi kilichobaki hutangazwa kwa sauti, na kila mmoja hukikariri. Wiki inayofuata, kabla ya lolote, huulizwa tulikuwa na ngapi, na kikundi kizima hujibu. Katibu hawezi kudanganya watu 30 wanaokumbuka tarakimu moja.

Utaratibu huo sasa umechapwa kwenye miongozo ya mashirika, wenye hatua na vielelezo, na maofisa huja nao vijijini kufundisha. Jalada lina jina la shirika, ndani kuna majina ya waandishi. Wanawake wa Maradi hawamo.